Picha Aliyoishusha Bi Mlango

Tarehe thelathini ya mwezi huu, baada ya miaka ishirini na tisa ya kuwaomba watu fedha bila kuona haya, Bi Mlango anastaafu. Mimi niliyekaa meza ya pili kutoka kwake nimepewa kazi ya kumwandika kwa ajili ya sherehe ya kumuaga. Naandika kwa tahadhari, kwa sababu mama huyu amenishtua tangu siku ya kwanza na hata wiki hii hajaacha.

Shirika letu hutengeneza miguu ya bandia kwa watoto, na kitengo chetu ndicho kinachobisha hodi kwa watu kuomba mchango. Bi Mlango aliingia kama mpiga chapa, akapanda hadi kuwa mkuu wa uchangishaji. Wiki ya kwanza ya ukuu wake alimwita seremala, akaung'oa mlango wa ofisi yetu. Mchangiaji yeyote, alisema, aingie, akae, aulize. Mficha uchi hazai.

Kisha akabandika mishahara yetu ukutani, wake ukiwa wa kwanza, ili anayechangia ajue kiasi gani kinabaki kwa waombaji. Nilidhani ni mzaha. Shemeji yangu alikuja kuchangia, akausoma wangu, na tangu siku hiyo nyumbani hakuna anayeniamini nikisema sina kitu. Lakini michango iliongezeka, na karakana ikaajiri mafundi wawili zaidi.

Sasa nifike kwenye picha. Ilikuwa ya binti mdogo aliyeegemea ukuta na gongo lake, chini yake maneno: Bado anasubiri mguu. Hakuna picha iliyowahi kutuvutia michango kama ile, nasi tukaichapisha mwaka hadi mwaka. Siku moja mwashi mmoja aliingia na bahasha yake ya mchango, akaitazama, akasimama pale pale.

"Huyu ni mwanangu," alisema taratibu. "Mlimpa mguu miaka mitatu iliyopita, siku hizi anaruka kamba. Mbona mnasema anasubiri?"

Mimi nilijifanya natafuta kalamu. Sote tulijua, na kila mmoja alimngoja mwenzake aseme. Bi Mlango ndiye aliyekuwa akiidhinisha picha ile kila ilipochapishwa upya. Alimwomba mwashi radhi mbele yetu, akapanda juu ya kiti, akaishusha.

Mkurugenzi alishauri tuweke nyingine kimya kimya, maisha yaendelee. Bi Mlango aliibeba picha kwapani hadi kwenye mkutano wa mwaka wa wachangiaji, akashika kipaza sauti. Aliwaambia kwamba ilikuwa kweli siku ilipopigwa na uongo tangu binti alipopata mguu, kwamba aliyeiidhinisha ni yeye, na kwamba anayetaka fedha zake atarudishiwa. Nilingoja makofi. Badala yake watu walipanga foleni kudai chao.

Karakana ilifungwa miezi minne. Mafundi walirudi makwao, na Bi Mlango alisimamishwa kazi nusu ya muda huo. Aliporejea, mama mmoja, mshonaji wa sare za shule, aliingia ofisini. Mwanawe alikuwa amekwisha kupimwa mguu wiki moja kabla ya mkutano ule.

"Wewe umeutua mzigo wa moyo wako," alimwambia Bi Mlango mbele yetu. "Mwanangu ndiye anayeubeba."

Kesho yake Bi Mlango alianza kuwafuata waliotukimbia, mmoja mmoja, nyumbani na makazini. Hakuwaomba fedha, aliwaomba waje waone karakana na waulize watakalo. Wengine walimfungia milango, wengine walikuja. Idadi ya zamani hatujaifikia hadi leo, ila waliorudi wamebaki nasi. Karakana ilifunguliwa, na leo mtoto wa mshonaji anatembea.

Wiki iliyopita bodi ilimwomba Bi Mlango apendekeze mrithi wake. Nilikuwa nimekwisha kununua shati jipya. Alimtaja mshonaji. Tulipigwa na butwaa, na nadhani mshonaji mwenyewe alitushinda. Bi Mlango alieleza kwamba katika miaka yote ile hakuna mwingine aliyewahi kumwambia ukweli wetu umemgharimu nani. Mshonaji amekubali, anaanza tarehe mosi.

Hapo ndipo nilipotaka kumalizia. Niliona adabu kumpelekea mkuu wangu mpya aya hizi azisome, akazirudisha akisema nimeruka jambo. Nikampelekea Bi Mlango, nikitumaini kwamba yeye, kwa kuwa sherehe ni yake, atasema tuliache. Alisema liandikwe, tena liwe mwisho, watu waondoke nalo.

Basi ni hili. Mguu wa kwanza wa mtoto yule ulipokuwa tayari, haukumwenea. Katika miezi tuliyofunga alikuwa amekua. Alivuliwa mguu ule mbele ya mama yake, akapimwa upya, akarudi nyumbani kwa magongo kusubiri tena.

Asante, Bi Mlango, kwa kutokubali tulifiche hata hili. Nenda ukapumzike salama.