Mwalimu Kopo, Aliyekataa Kuita Kitu Taka

Ndugu, jamaa, marafiki, walimu wenzake na ninyi wanafunzi mliosimama kule nyuma kwa mistari kama mlivyofundishwa: tunayemzika leo alikuwa na jina zuri alilopewa na bibi yake, nalo limeandikwa juu ya jeneza. Lakini nusu ya watu waliopo hapa wangeulizwa jina hilo wasingelijua. Kwao alikuwa Mwalimu Kopo, na aliliitikia kwa furaha kuliko lile la bibi. Wasifu huu umeandikwa na mdogo wake, fundi seremala, ambaye ndiye anayewasomea. Kama sauti yake itakwama mahali, mvumilieni.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1959, mtoto wa kwanza kati ya wanne, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya ghala ambako baba yao alikuwa karani. Mama yao alikuwa mshonaji. Tangu akiwa na miaka mitano alikusanya makopo, vifungo, vizibo na vipande vya kitambaa, akavihifadhi chini ya kitanda ambacho alilala na mdogo wake. Mama alivitupa mara mbili, na mara mbili vilirudi. Mara ya tatu mama alitafuta sindano yake ya mashine siku nzima, akaja kuikuta ndani ya kopo moja huko mvunguni, imefungwa kwenye karatasi, safi kabisa. Tangu siku hiyo hakuna aliyethubutu kugusa mvungu ule.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1966. Alipomaliza la nne mama aliugua, na kwa kuwa yeye ndiye mkubwa, alibaki nyumbani miaka miwili kupika, kufua na kulea. Mwaka 1972 mama alipata nafuu, naye akarudi shuleni peke yake bila kupelekwa na mtu, akaingia darasa la tano na kukaa dawati moja na huyu mdogo wake. Watoto walimcheka kwa urefu wake. Yeye alifungua daftari. Mdogo wake anakiri leo, mbele ya mashahidi, kwamba hesabu zake zote za mwaka ule zilitoka kwenye daftari la dada. Alimaliza la saba mwaka 1974, sekondari mwaka 1978, na chuo cha ualimu mwaka 1980.

Aliajiriwa Januari 1981. Alifundisha miaka tisa katika shule ndogo kando ya barabara kuu, kisha mwaka 1990 akahamishiwa shule hii ya msingi mnayoifahamu, akafundisha hisabati na sanaa hadi alipostaafu Machi 2019. Nasema alipostaafu kwa sababu barua inasema hivyo. Jumatatu iliyofuata alikuwa shuleni kabla ya kengele.

Alifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1984 na mpiga chapa, mtu mpole wa maneno machache. Wachumba wengine walikuja na zawadi za dukani. Yeye alikuja na gunia la vipande vya karatasi za rangi vilivyobaki kiwandani, akalitua mlangoni na kusema, "Nimesikia unakusanya." Dada hakuomba muda wa kufikiri. Walijaliwa watoto watatu, na gunia la karatasi liliingia nyumba ile kila mwezi mpaka mzee alipofariki mwaka 2013.

Sasa tufike kwenye jogoo, maana bila jogoo huyu hamtaelewa kwa nini tuko hapa na makopo ya miche mikononi.

Mwaka 1999 shule ilialikwa kwenye maonyesho ya sanaa. Marehemu na darasa la sita walitengeneza jogoo mrefu kuliko mwanafunzi yeyote wa shule. Mwili ulikuwa wa maboksi, manyoya ya mifuko ya plastiki, kilemba cha vizibo vyekundu. Kazi ilichukua wiki saba. Jioni ya kuamkia maonyesho walimwacha barazani ili gundi ikauke. Alfajiri mhudumu wa usafi, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameanza kazi wiki ile, alikuja na ufagio wake, akaona rundo la maboksi na mifuko barazani, akalikunja vizuri na kulipakia kwenye gari la taka. Akafagia mpaka sakafu ikang'aa. Jogoo akaenda zake jalalani bila kuwika hata mara moja.

Watoto walipofika walilia wote. Mwalimu mkuu wa wakati ule alimwita yule mhudumu na kuanza kumfokea mbele yao.

"Mwalimu, nisamehe," mhudumu akamwambia marehemu. "Nimeona mifuko, nimeona maboksi. Ningejuaje kama ni kuku?"

"Jogoo," mtoto mmoja akasema huku analia.

Marehemu alikaa kwenye ngazi ya baraza. Alikuwa na hasira, alituambia baadaye, hasira ya kutafuna chuma. Lakini aliwageukia watoto akasema: "Huyu mzee hana kosa. Kazi yake ni kuondoa taka, na ameona taka. Maana yake sisi hatukumaliza kazi. Kuanzia leo yeye ndiye mkaguzi wetu. Kitu kikitoka mikononi mwetu kitawekwa hapa barazani asubuhi. Akikifagia, kinarudi darasani. Akikizunguka, tumemaliza."

Mwalimu mkuu alidhani ni mzaha. Mhudumu hakudhani hivyo, akaichukua kazi ile kwa uzito wote. Mwaka uliofuata alifagia kobe, maua ya chupa, na kitu ambacho watoto walishikilia kuwa ni ndege. Watoto walirudi darasani wakakaza waya, wakakata upya, wakapaka rangi. Kisha wakaleta twiga wa mabomba chakavu na vizibo. Yule mzee alifika, akainua ufagio, akasimama. Akamtazama twiga kuanzia kwato hadi masikio. Akaanza kufagia taratibu, akamzunguka miguu yote minne bila kuigusa. Kelele zilizopigwa darasa la sita asubuhi ile zilisikika hadi sokoni. Watoto walimpa jina la Mzee Fagio, na desturi ile haikuvunjika tena.

Bustani ilianza mwaka 2001, nyuma ya madarasa, mahali ambapo mtaa mzima ulikuwa unatupa takataka. Wenye akili walimwambia hapo haitaota hata nyasi. Alijibu kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame, akainama, na watoto mia mbili wakainama pamoja naye. Walichimba misimu miwili. Walitoa viatu, matairi, springi za magodoro, na beseni moja zima ambalo mwenyewe alijitokeza kulidai. Kilichofaa kilikwenda kwenye sanaa. Chupa zilichomekwa kichwa chini kuwa kingo za matuta. Makopo yalitobolewa kitako yakawa ya kukuzia miche, na hapo ndipo jina lake lilipotoka. Mwaka 2003 walivuna mchicha, karoti na nyanya, na kila mtoto alibeba fungu lake nyumbani. Wengi wenu mliosimama hapa na vitambi vyenu mlikula nyanya zile. Msijifanye mmesahau.

Agosti 2022 marehemu aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo. Alisafishwa damu mara tatu kwa wiki, na binti yake mkubwa, ambaye ni muuguzi, alimsindikiza kila mara. Hakuwahi kulalamika mbele yetu. Aliwaambia wauguzi, "Mnaona? Hata damu yangu mnaisafisha naitumia tena. Mmejifunza kwangu." Lakini hakuweza kuinama tena, na bustani ilianza kuota magugu.

Novemba 2023 alipata habari kwamba kamati ya shule inataka kulisakafia eneo lile liwe maegesho ya magari. Mwenyekiti hakuwa mtu mbaya, na alisema ukweli: bustani isiyo na mwenyewe ni kichaka. Kamati ingekutana tarehe 19 Januari. Kama hadi siku hiyo asingepatikana mtu wa shule wa kuweka sahihi kuwa msimamizi, saruji ingemwagwa.

Hapo marehemu alianza kazi yake ya mwisho. Aliwaita walimu nyumbani, mmoja mmoja, siku ambazo hakuwa hospitali. Aliwaomba sita. Mmoja alikuwa anahama. Wa pili mgongo unamsumbua. Mwingine alisema atafikiria, na bado anafikiria mpaka leo. Baada ya wa sita kuondoka, dada alimwambia mdogo wake, "Nimeshindwa." Katika miaka sitini na tatu ya kufahamiana naye, mimi mdogo wake sikuwahi kulisikia neno hilo likitoka kinywani mwake, na liliniuma mimi kuliko ugonjwa wenyewe.

Wiki ya kwanza ya Januari Mzee Fagio alikuja kumjulia hali. Alibeba fungu la mchicha.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Usiniamkie wewe, umri wetu ni mmoja. Mchicha huu umenunua wapi?"

"Nimechuma bustanini."

"Bustani si imekufa?"

"Waliokwambia wameishia mlangoni. Magugu yako mbele. Kule nyuma kuna matuta manne, nayamwagilia kila asubuhi kabla sijafagia."

Mzee aliuweka mchicha juu ya meza, akaupanga majani, kisha akasema bila kumtazama: "Nimesikia umewaomba walimu sita. Mimi hukuniuliza."

Mdogo wake alikuwepo, na hawezi kusahau uso wa dada yake saa ile. Alilia. Akamshika mzee mkono. "Nisamehe, ndugu yangu. Miaka ishirini na tano, tangu yule jogoo, nawafundisha watoto wa watu kutazama vizuri, na wewe sikukuona."

"Basi niulize sasa," mzee akasema.

Akamuuliza.

Daktari alimkataza kutoka nje siku ile ya tarehe 19. Lakini alijua kwamba asiyekuwepo na lake halipo, kwa hiyo alikwenda, amekaa kwenye kiti cha magurudumu kilichosukumwa na Mzee Fagio. Mwenyekiti alimpokea kwa heshima na kumwambia, "Mama, ungepumzika tu."

"Nitapumzika sana baadaye," akajibu. "Leo nimekuja kazini."

Alipomtaja msimamizi, minong'ono ilianza. Mjumbe mmoja alisema kwamba mhudumu hawezi kusimamia wanafunzi. Marehemu aliwasimulia habari ya jogoo, tangu gundi hadi gari la taka. Kisha akauliza: "Kazi za watoto wa shule hii zimepita mbele ya macho ya nani robo karne? Nani kati yenu amewahi kuwaambia 'bado' wakamsikiliza?" Kura zilipigwa, na bustani ikapewa mwaka mmoja, msimamizi Mzee Fagio. Njiani kurudi mdogo wake alinung'unika kwamba mwaka mmoja ni kidogo. Dada akamwambia, "Mwaka mmoja unatosha kupanda mti. Wang'oe wao kama wana uso huo."

Kesho yake darasa la sita walipanda miche kumi na miwili ya mivule kuzunguka bustani.

Hali yake ilibadilika tarehe 6 Februari 2024. Siku tatu baadaye, tarehe 9 Februari, saa kumi jioni, alifariki akiwa hospitali, watoto wake wakiwa kando yake, akiwa amebakiza wiki tano kutimiza miaka sitini na mitano. Alichouliza mara ya mwisho ni kama miche imeshika. Binti yake alimjibu kwamba yote imeshika. Kwa kweli mmoja ulikuwa umekauka, lakini Mzee Fagio alikuwa ameshapanda mwingine mahali pake, kwa hiyo binti hakudanganya.

Ameacha watoto watatu: muuguzi, dereva na fundi umeme. Ameacha wajukuu watano, wadogo zake watatu akiwemo seremala huyu aliyekuwa akiibiwa mbao kwa ajili ya sanaa na kujifanya haoni, wanafunzi ambao hesabu yao angeiweza yeye mwenyewe, na bustani ambayo matuta yake manne sasa ni kumi na tisa.

Haya yafuatayo hayamo kwenye karatasi mlizonazo, kwa sababu yametokea leo asubuhi. Watoto wa darasa la sita walitengeneza shada kwa vizibo vyekundu, makopo yaliyokatwa maua, na karatasi za rangi za gunia la mwisho la marehemu shemeji, ambalo dada hakuwahi kulifungua. Kabla ya kulileta huku waliliweka barazani, kama desturi ilivyo, wakasimama kando kungoja mkaguzi. Mzee Fagio alifika. Alilitazama muda mrefu. Hakulifagia, wala hakulizunguka. Aliuegemeza ufagio ukutani, akavua kofia, akaliinua shada kwa mikono yake miwili, na ndiye aliyelibeba kwa miguu kutoka shuleni hadi hapa kaburini.

Dada yangu, kazi imekaguliwa, imepita. Pumzika kwa amani. Kumwagilia ni zamu yetu.