Tanuri la Pipa na Lori la Kuhama

Cheka, Batuli, cheka tu. Kaka yako Mfaume anajikaza lakini mabega yake yanatikisika. Ndiyo, mmenikuta kifudifudi kando ya tanuri, kikoi kimeungua matakoni, mimi Lukumani niliyewafokea watu tangu Ujiji hadi Dodoma kwamba chuma kikishakuwa cheusi bado kinaunguza, nikakalia springi kuukuu ya lori, chuma cha kufulia majembe kilichotoka motoni, nikidhani imepoa. Mgonjwa mliyekwisha kumuaga juzi katoroka kitandani kujichoma mwenyewe! Haya, nilazeni ubavu, mnisikilize wanangu, maana lori la kuhamisha watu linanguruma stesheni na pumzi zangu hazitalingoja.

Nyumba hii itabomolewa, iacheni. Huko kijiji cha ujamaa tutapewa viwanja, lakini mvua zimekaribia, na katika watu wote wa Tura wanaohamishwa hakuna mhunzi mwingine. Majembe yakikatika, njaa itaingia. Ndiyo maana, kabla sijalala kitandani, nilijenga tanuri hili ndani ya nusu pipa, libebeke, si kama lile la babu yenu, alilolichimba ardhini, misafara ya biashara ikahama njia ikamwacha nalo. Mkilikandika upya, tumieni udongo wa kichuguu na majivu, wala msiwashe moto mkali kabla halijakauka, litapasuka. Bomba la chini ndilo linalopeleka upepo wa mivukuto kwenye makaa. Chuma kikipata rangi ya papai bivu, kikunjeni. Kikififia, kirudisheni motoni, msishindane nacho, kitavunjika.

Sasa liko neno linaloniuma kuliko haya matako. Mfaume, ulikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji kipya ukamwambia mhunzi ni wewe. Baba, wewe ukiona cheche unafumba macho! Nakupenda hivyohivyo. Ng'ombe ni wako, na kwa ajili ya yule ndama msigombane tena na shangazi yenu Mwanamkuu, ugomvi ule nizikeni nao. Lakini tanuri, koleo, na kipande cha reli tunachofulia chuma ni vya Batuli. Najua mwiko wetu, mwanamke hasogei penye mivukuto. Nilipolala mgonjwa, nani aliyewakunjia watu majembe? Niliisikia nyundo yake nyuma ya ukuta, nikanyamaza, nikimwomba Mungu asikosee, na hakukosea. Mwiko huo nimeuondoa mimi, leo, mkiwa mnanisikia wote wawili.

Wewe, Mfaume, utamvukutia dada yako. Mimi... msinipakie kwenye lori. Hata likiondoka, nizikeni hapahapa, nyuma ya... hapo hapo. Maji, Batuli. La, yatosha. Mungu awape mikono... isiyotetemeka. Awape kupendana. Mfaume, niitikie, baba... nisikie.

Honi ya lori ikalia. Mfaume, macho yake mlangoni, akajibu:

"Baba, nisamehe. Kumvukutia mwanamke mbele ya kijiji kizima, siwezi."

Batuli, kichwa cha baba yake mapajani, hakugeuka hata kumtazama kaka yake.

"Basi utalima kwa kucha."