Mzee Takriban na Tafiti Zilizofungiwa Kabatini

Mimi ni mtu wa bahati, wala siifichi. Taasisi yetu ya utafiti wa elimu ina madaktari wa falsafa wa kujaza basi na wengine wakabaki wamesimama. Lakini ilipopigwa kura ya nani aandike wasifu wa mstaafu wetu, jina lililotoka lilikuwa langu, dereva, niliyeacha shule kabla hesabu hazijaanza kutumia herufi. Wasomi wavumilie tu.

Mtakwimu wetu mkuu, ambaye sote tunamwita Mzee Takriban, anastaafu tarehe 30 Juni baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Aliingia akiwa karani wa kunakili alama za mitihani, katika chumba cha mwisho cha korido, kile chenye dirisha lisilofunga. Anatoka akiwa mkuu wa kitengo cha kujumlisha tafiti, katika chumba kilekile. Dirisha bado halifungi.

Jina la Takriban alipewa na katibu muhtasi. Mzee hajawahi kutoa namba moja ikatembea peke yake. Lazima iwe na ndogo yake kushoto na kubwa yake kulia. Ukimuuliza saa, ni kati ya saa nne na saa nne na robo. Mkewe alipojifungua, tulimuuliza mtoto ana kilo ngapi, akasema inategemea umeuliza mizani ipi. Tulicheka mpaka mkurugenzi akatoka ofisini kuuliza nani amekufa.

Kwa kazi yake wengi wetu tumekula mshahara bila kuielewa. Mimi naielewa, kwa sababu alinieleza garini, na ndani ya gari langu mtu haongei kizungumkuti. Sema watu kumi wamepima njia moja ya kufundisha kusoma. Mmoja alitumia mtihani wa alama mia, mwingine wa alama thelathini, wa tatu alihesabu maneno ambayo mtoto anasoma kwa dakika. Huwezi kuyajumlisha matokeo yao, ni kama kujumlisha lita na kilomita. Basi unachukua pengo kati ya watoto waliofundishwa kwa njia hiyo na wale ambao hawakufundishwa, unaligawa kwa mtawanyiko wa alama za watoto wenyewe, na hapo mapengo yote yanaanza kusema lugha moja. Hiyo ndiyo inaitwa ukubwa wa athari. Kisha kila utafiti unapewa uzito wake, maana wa watoto thelathini hauwezi kuburuzana na wa watoto elfu mbili. Nimewaeleza abiria wengi jambo hili, na wawili kati yao walikuwa maprofesa.

Kuna siku mtafiti mmoja alileta athari yenye ukubwa wa nne. Kwa kawaida ikifika nusu tu, watu wanaagiza soda. Mzee aliitazama, akasema watoto hao Jumatatu watakuwa wanamfundisha mwalimu. Ikaonekana ndugu yetu alikuwa ameligawa pengo kwa kiasi ambacho wastani unaweza kukosea, ambacho ni kidogo sana, badala ya mtawanyiko wa watoto. Mzee hakumtangaza. Alimpa kiti, wakaanza upya, na mpaka leo kila anayeingia kitengoni huanza kwa kukaa kwenye kiti hicho.

Lakini kazi iliyomjenga, na iliyokaribia kumvunjia nyumba, ni ile ya kusoma wawili wawili. Njia hiyo humkalisha mtoto anayesoma vizuri pamoja na anayesuasua, wasomeshane. Aliyeieneza ni mkufunzi maarufu, na mkufunzi huyo ni kaka wa mke wa Mzee. Tafiti zilizochapishwa zilikuwa tisa, zote zikiisifu. Ofisi ya elimu ilikuwa tayari kuiingiza shule zote, na kwa sababu hiyo kuifuta saa ya mchana ya walimu wa ziada, wanaokaa na watoto wasiojua kusoma. Walisubiri namba ya Mzee tu. Shemeji yake alikuwa ameshanunua suti.

Mzee alichora nukta zake, kila utafiti nukta moja. Alinieleza kuwa mchoro ulio mzima unakaa kama faneli iliyopinduliwa. Faneli naijua, natilia mafuta kila siku. Nikamwambia, Mzee, hii yako imekatwa shavu moja. Akasema shavu hilo liko kabatini kwa watu: ni tafiti zilizofanywa, zikakuta hakuna kitu, wenyewe wakaona aibu wakazifungia. Tukatoka kuzitafuta.

Jamani, nimeendesha wakubwa wa kila aina, ila sijawahi kumpeleka mtu mlango kwa mlango akiomba wenzake wampe walichoshindwa. Mmoja alitufungia geti. Mwingine alituambia kwa upole kwamba yeye hajawahi kushindwa, mkewe akacheka kwa ndani. Mwisho tukafika kwa mama mmoja fundi wa cherehani, zamani mhadhiri. Alikuwa ameipima njia ile kwa watoto wengi kuliko tafiti zote tisa zikiwekwa pamoja. Hakukuta kitu cha maana, akaambiwa hakuna atakayechapisha, akaacha ualimu akaenda kushona sare.

Alisimama mlangoni na sindano mdomoni. "Baba, umefunga safari yote hii kuja kunicheka?"

Mzee akamwambia amekuja kumwomba wastani, mtawanyiko na idadi ya watoto. Yule mama alikaa chini. Karatasi zake alikuwa amezikata vipimo vya nguo. Wastani ulikuwa nyuma ya mkono wa shati, mtawanyiko nyuma ya kola. Wakazipanga mezani, Mzee ananakili, mama anamkemea: "Usichanganye! Kola hiyo ni ya wakubwa, mkono ni wa darasa la tatu." Mimi nilishika taa ya simu na kutoa ushauri ambao hakuna aliyeufuata.

Utafiti ule ulipoingia na uzito wake, athari ikashuka kutoka sifuri nukta sita hadi takriban sifuri nukta moja tano. Si bure, lakini si ya kufutia mwalimu. Saa ya mchana ikabaki.

Shemeji alikuja ofisini bila kubisha. Sote tulimsikia, na dirisha lile mnalijua. "Shemeji, unanipunguza mbele za watu!"

"Sijakupunguza," Mzee akajibu. "Nimekuongezea watoto."

Jamaa akaondoka, na nyumbani kwa Mzee hakukanyaga tena. Sikukuu zikapita na viti vitupu mezani. Mke wa Mzee, dada yetu mpole, alipanda garini siku moja akasema maneno ambayo nimeyabeba: "Mimi sina takwimu. Nina kaka mmoja na mume mmoja." Mzee alikuwa kiti cha mbele, akayasikia. Angeweza kuirekebisha ile namba, ofisi ya elimu ingeshukuru. Hakuigusa. Wala hakumsema shemeji yake vibaya, hata pale sisi tulipomchokoza amseme.

Ilipita miaka takriban mitatu. Asubuhi moja mkufunzi alifungua mlango wa gari langu, akakaa nyuma bila salamu, akasema nimpeleke kwa yule fundi wa cherehani. Alitaka kujua mama yule alizichaguaje shule zake, kwa sababu alikusudia kuipima njia yake upya, kwa haki. Walizungumza mpaka chai ikapoa mara mbili. Tukiwa njiani kurudi aliniuliza Mzee hutoka kazini saa ngapi. Nikamwambia, kati ya saa kumi na saa kumi na nusu. Akacheka kwanza, kisha akasema nimshushe hapo getini, atamsubiri.

Mkurugenzi, wafanyakazi wote na walimu wa saa ya mchana, ambao wengi wao hawajui hata jina lako, wanakushukuru. Mzee wetu, nenda ukapumzike na familia yako ikiwa imetimia mezani. Tunakuombea afya na miaka mingi, na kwa hili moja hatutaki kuambiwa ni kati ya mingapi na mingapi.

Kura haikupigwa. Niliomba kuandika, nikakataliwa, nikaomba tena.