Clifford Bracewell na Mifuko Sita ya Fainali

Baada ya miaka thelathini na minne ya kufunga, kusawazisha na kupiga pasi meza za Kombe la Haddlethorpe la snuka, ule mchezo wa kusukumia mipira kwenye mifuko ya meza kwa fimbo, Clifford Bracewell anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Mei. Sherehe itaanza saa tisa alasiri katika Ukumbi wa Wafumaji. Kutakuwa na pai za nyama, keki aliyooka mkewe Jean, na hotuba fupi, maana Cliff hapendi kusifiwa na mwaka huu hapendi zaidi. Nimeombwa kuandika haya kwa sababu mimi ndiye mwandika alama, na karibu miaka yote hiyo nimemwona akiinama juu ya kitambaa cha kijani kama mama anayemkagua mtoto masikio.

Alianza kama mbeba mawe. Watazamaji huona kitambaa tu, lakini chini yake mna mabamba mazito ya mawe, na mgongo wa Cliff unayafahamu yote. Mwaka ule wa theluji kubwa, lori lilipokwama mlimani, aliazima kigari cha theluji cha watoto wa jirani, akafunga kingo za meza juu yake na kuzikokota hadi ukumbini. Nusu fainali ilianza kwa wakati. Watoto walirudishiwa kigari chao kikiwa na harufu ya mafuta ya mashine, na hakuna aliyelalamika isipokuwa mama yao.

Ukali wake mnaujua. Siku meya alipoweka glasi ya bia ukingoni mwa meza, sote tulijifanya hatuoni. Cliff aliiendea, akaiinua, akamrudishia mkononi. "Mheshimiwa, hii si meza ya baa," alimwambia. "Na hata ingekuwa ya baa, ungeweka kitu chini yake." Meya alicheka peke yake.

Wachezaji wa snuka hulalamikia kila kitu: taa, kiti, kikohozi cha bibi wa safu ya tatu. Meza ya Cliff hawakuilalamikia. Hapo ndipo alipoiweka heshima yake yote, na ndiyo maana yaliyotokea mwaka huu yamemwingia hadi kwenye mfupa.

Ningependa kuyaruka. Nilimwambia hivyo, naye akanijibu, "Noreen, ukiliruka hilo, basi na hayo mengine yafute." Haya, nayaandika.

Fainali ya mwaka huu Kelvin Mawdsley wa Bolton alimshinda Idris Prosser kwa raundi kumi kwa saba. Hayo ndiyo matokeo, na yatabaki hivyo. Idris anatoka mabonde ya Wales, amepita miaka hamsini, amecheza kwa kulipwa maisha yake yote, na hajawahi kutwaa kombe. Lakini katika raundi ya kumi na mbili alisafisha meza bila kukosa hata pigo moja, kila mpira mwekundu ukifuatwa na mweusi, hadi alama mia moja arobaini na saba, ambazo ndizo kilele cha mchezo wetu. Hakuwa amewahi kuzifikia kwenye mashindano. Mawdsley mwenyewe aliinuka kitini, akagonga fimbo yake sakafuni kumpa heshima. Idris alifuta macho kwa kitambaa cha kufutia chaki ya fimbo akabaki na kope za buluu, na ukumbi mzima ukampenda zaidi kwa hilo. Alishindwa fainali huku anatabasamu.

Sasa, alama hizo huingia kwenye kumbukumbu rasmi kwa sharti moja: mifuko ya meza iwe na upana unaolingana na kipimo cha shaba. Kipimo hicho Cliff hukifunga utepe wa kitambaa, kwa sababu shaba tupu hukwaruza nguo mpya ya meza. Utepe wa zamani hubanduliwa kwanza, mpya ukabandikwa. Kabla ya fainali meza ilivishwa nguo mpya, na Cliff akabandika utepe mpya juu ya ule wa zamani. Kipimo kikanenepa, na mifuko yote sita, ambayo hukatwa kwa kukifuata, ikapanuka pamoja nacho. Ilipaswa mtu mwingine akague nyuma yake. Hakuna aliyekagua. Nani angethubutu kumkagua Cliff?

Aliligundua kosa hilo wakati wa kuifungua meza, watu wakiwa wameshaondoka ukumbini. Aliuparua utepe kwa ukucha, akakuta mwingine chini. Alikitia kwenye mfuko wa meza kile kipimo kikiwa kitupu, kikacheza kama jino bovu.

Sisi tulikuwa chumba cha chai, tukimpongeza Idris. Cliff aliingia na kipimo mkononi, akaenda moja kwa moja kwa Hazel Tordoff, msimamizi wetu, akamweleza kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia. Uso wake ulikuwa mwekundu hadi shingoni.

"Hilo umeliona wewe peke yako?" Hazel aliuliza, polepole.

"Peke yangu."

"Basi kaa chini kwanza, Cliff. Umechoka. Tutalizungumza kesho."

"Kesho alama zitakuwa zimeshaandikwa rasmi. Mifuko ilikuwa mipana. Nimeiharibu mimi."

Hakuna aliyemtazama. Wengine walitazama pai zao. Tulitamani anyamaze, na ninaona haya kuliandika hilo kwenye karatasi ya kumuaga. Idris ndiye aliyesema.

"Miaka yote hii hukunikosea, bwana, ukasubiri leo?" Kisha akaweka glasi mezani. "Mimi ningefunga mdomo. Wallahi nawaambieni, ningekwenda nalo kaburini."

"Najua," Cliff alisema. "Nisamehe."

Idris alichukua mkoba wa fimbo yake akatoka. Alama zake zilifutwa asubuhi yake, na sifa ya alama nyingi zaidi za mfululizo katika mashindano ikarudi kwa Mawdsley, kwa zile mia moja thelathini na nane za nusu fainali, naye aliipokea kana kwamba amepewa viatu vya marehemu.

Uso umeumbwa na haya, lakini wa Cliff umebeba haya ya watu wengi. Tangu siku ile haji kunywa chai nasi. Hupitia mlango wa nyuma, hufanya kazi yake, huondoka. Juzi alinieleza mpango wake wa Ijumaa: atamleta Jean na keki, kisha atakaa kwenye gari lake la mizigo nje hadi tumalize. Alisema hana uso wa kusimama mbele ya watu na kupigiwa makofi.

Kwa hiyo haya yanayofuata ni yako, Cliff, na najua Jean atakusomea.

Asante kwa mgongo wako, kwa theluji ile, na kwa jioni uliyotuaibisha sote kwa kusema kweli. Idris alinipigia simu wiki hii. Aliuliza, "Huyo mzee wenu atakuwepo?" Nikamwambia utakuwa garini. "Garini?" alisema. "Anadhani nina kinyongo naye? Ninacho. Nitamwambia uso kwa uso, na ile zawadi yenu ya kumuaga, fimbo ya kuvulia samaki, nitamkabidhi mimi mwenyewe. Mwambieni kama hayumo ukumbini nitamfuata huko huko."

Atafanya hivyo, unamjua. Goti lake ni bovu, na ngazi za nyuma huteleza. Mwaka huu umeshamnyang'anya alama zake, Cliff; mwachie goti. Tunakutakia uzee wenye mito ya samaki na usingizi mzuri. Ingia ndani.