Kitanda cha Juu

Kwenye Kosta ya Vwawa, mbele yangu, Mama Bushra muuza vitenge wa Tunduma alimwambia mzee Osea wa Ihanda kwamba bintiye anampeleka bweni, shule kongwe ya wasichana ya Kianglikana. Mzee akaguna. "Na swala, mama?" "Ataamka alfajiri kabla ya kengele yao. Na mjukuu wako?" "Hukohuko. Ila naogopa atarudi na nyimbo zao, kwaya yetu ya Moraviani impoteze."

Mwislamu ametulia, Mkristo ndiye mwenye hofu. Mama akacheka. "Basi walale kitanda kimoja cha deka, cha juu na chini. Wangu juu." "Anayewahi kuamka alale chini, asimkanyage mwenzake." "Juu, mzee."

Tumefika Vwawa bado wanabishana. Na mtihani wa kujiunga na shule hiyo ni mwezi ujao.