Mzee Kwa Hisani na Fremu Tupu

Marehemu, ambaye wengi walimwita Mzee Kwa Hisani, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa pekee wa mshonaji katika kiwanda cha magunia. Alisoma sekondari iliyopakana na kiwanda hicho. Alikuwa darasani, tarehe 9 Oktoba 1968, moto ulipozuka. Mama yake hakutoka.

Alihifadhi nyaraka kwa miaka thelathini na minne, na hakunukuu hata mstari bila kutaja chanzo. Mwaka 1979 alimwoa mpiga chapa wa ofisi ya jirani. Hata mezani hakuacha. "Chumvi hii ni kwa hisani ya mama yako," alizoea kumwambia binti yao. Mkewe naye alikuwa akidakia, "Na vyombo vitaoshwa kwa hisani yako."

Alipostaafu alianza kuchapisha mtandaoni historia ya moto ule. Picha moja tu ilionyesha mlango wa kiwanda asubuhi ile: kufuli, kwa nje. Mpiga picha alikwishafariki, na haki ya picha ilikuwa ya warithi wake. Miaka mitatu marehemu aliwaandikia. Barua zote zilirudi, zimefunguliwa na kugundishwa tena. Akaacha fremu tupu kwenye ukurasa, na chini yake maneno: "Ruhusa bado inaombwa."

Februari mwaka huu mapafu yalimlaza hospitali. Jumamosi, tarehe 3 Mei, binti yake, akitaka kumfurahisha, aliijaza fremu kwa picha ile na kuandika "kwa hisani ya familia ya mpiga picha." Maisha yake yote binti alidhani "kwa hisani" ni maneno ya adabu tu. Akamwonyesha kwenye simu.

"Familia ipi, mwanangu?"

"Si ndivyo unavyoandikaga, baba?"

"Naandika nikishapewa. Wakiushika uongo huu mmoja, watasema na kufuli ni uongo."

Binti aliifuta palepale. Kesho yake ukaingia ujumbe usio na jina: "Tumeiona. Tutaongea mazishini."

Hakuna aliyekuwa amekufa.

Marehemu aliusoma mara mbili. "Uhifadhi," alisema. "Na tarehe uandike." Jumanne, tarehe 6 Mei 2025, saa kumi na moja alfajiri, akafariki.

Ameacha mjane, binti, mkwe na wajukuu wawili. Fremu ingali tupu. Ikiwa warithi wa mpiga picha wamo kati yetu, kama walivyoahidi, binti anawaomba wasogee mbele. Karatasi ya ruhusa anayo mkononi, na kalamu.

Picha ya jalada la ratiba hii ni kwa hisani ya mjane, aliyeruhusu kwa maandishi.

Naye alale kwa amani, kwa hisani ya Mola.