Mama Mvua na Mierezi Iliyoufuata Ukungu

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na minne katika kituo chetu cha misitu, Mama Mvua anastaafu. Jina hilo tulimpa sisi wenzake, na siku hizi hata barua za ofisi humfikia kwa jina hilo.

Aliajiriwa kuwa mpiga chapa. Mpima mvua alipougua, akaombwa amshikie kazi kwa wiki mbili. Hakurudi tena kwenye mashine yake. Kila siku, saa tatu kamili asubuhi, alikuwa kwenye kipimamvua. Binti yake hajamsamehe mpaka leo kwa kuchelewa harusini.

Ni yeye aliyegundua kwamba msitu wa chini una mierezi mikubwa lakini hauna miche. Wengi wetu tuliwasingizia mbuzi. Akazungushia kipande kimoja uzio. Miche ikaota, kiangazi kikaimaliza. Ndipo alipotufungulia madaftari yake ya miaka mingi ya mvua, joto na ukungu. Mwerezi wetu wa asili huzaliana pale ukungu unapotua wakati wa kiangazi. Joto limezidi, ukungu umehamia juu mlimani, na miti inaufuata.

Mwaka huo miche elfu sita ilikuwa tayari kupandwa chini, kama ramani ilivyoelekeza. Yeye, mtumishi wa ngazi ya chini kabisa, akasimama mkutanoni.

"Samahani, bosi. Ramani hii imezeeka. Tukiipanda miche huko, tunaizika."

Mkuu wa kituo alinuna siku mbili. Siku ya tatu akaagiza miche ipelekwe juu. Leo ukipita huko, unatembea kivulini.

Lakini ushindi huo ulimwachia simanzi. Msitu wa chini ndiko marehemu mumewe, fundi wa kitalu, alikomwambia kwa mara ya kwanza kwamba anampenda. Sasa mierezi ile inakauka mmoja mmoja, wala haina wa kuirithi. Kila Ijumaa baada ya kazi hushuka kuitazama. Tuliwahi kumuuliza kwa nini anajitesa.

"Wanangu," alijibu, "mgonjwa haachwi kwa sababu haponi."

Ijumaa iliyopita tulishuka naye sote. Aliokota ganda la mti, akalinusa kwa muda mrefu, akalitia mkobani. Huko mjini anakohamia kwa binti yake, mwerezi hauoti.

Mama, asante kwa kazi, kwa ukweli na hata kwa ukali wako. Tunakuombea afya, raha na wajukuu tele magotini. Bado hujaondoka, na tumeshaanza kukukumbuka.